Herufi Ambayo Haikuwa Imezaliwa

"Makalio yangu yanaujua mpaka ule," alisema Mzee Jabez Thurkettle. "Andika hivyo hivyo, sajini. Ma-ka-li-o."

Sajini Leggett alisimamisha kalamu, akamtupia jicho Inspekta Thirza Gooderham kuomba msaada. Inspekta alikuwa akipuliza chai yake, hana haraka. Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa, mwezi wa Mei, jikoni kwa mzee huyo katika kijiji cha Wenfold, Suffolk, na juu ya nusu-mlango ng'ombe mwekundu asiye na pembe alikuwa ameingiza kichwa kusikiliza, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi akakuta kuna umbea.

"Andika," alisema Thirza. "Mzee, hebu fafanua."

"Kuna cha kufafanua, binti? Si kila mwaka mwezi huu kijiji kizima tunatoka kwenda kuchapa mipaka? Kila alama tunaichapa fimbo, na kila mtoto anabamizwa chini palepale ili asisahau. Mimi nilibamizwa nikiwa na miaka saba. Baba kanishika mikono, jirani kanishika miguu. Pu! Pu! Pu! Na si hapa barabarani anaposema Stannard. Ni kule mbali, kwenye mtaro, kwenye kisiki. Malisho yote ya Nyland ni ya kijiji, kuanzia barabara mpaka mtaro."

"Makalio si kielelezo mahakamani," alisema Leggett.

"Yako labda. Yangu yana kumbukumbu kushinda vichwa vingi ninavyovijua."

Thirza alicheka mpaka chai ikamwagikia sahani. Alimpenda mzee huyu tangu alipofungua mlango, na hilo lilimtia wasiwasi, maana katika kazi yake watu wa kupendeka ndio waliomponza mara nyingi zaidi. Na ushahidi dhidi ya Jabez haukuwa wa mchezo. Bwana Auberon Stannard, tajiri wa vigae vya bafuni aliyenunua jumba kubwa la kijiji, alikuwa ameripoti kwamba kando ya mtaro wake ameona jiwe la mpaka la mwaka 1431, lenye maandishi, na kwamba mtu aliling'oa mahali pake barabarani ili kuficha ukweli. Jiwe lilikuwa na mkwaruzo mpana wa mnyororo. Wenfold nzima ilikuwa na trekta moja tu yenye mnyororo wa namna hiyo, nayo ilikuwa imeegeshwa hapo nje, kuku wawili wamelala juu ya kiti chake.

Kama jiwe lilisema kweli, Nyland haikuwa malisho ya watu wote hata siku moja. Ilikuwa mali ya jumba, na mwenye jumba alikuwa na michoro tayari ya vibanda vya watalii. Ofisa wa kaunti alikuwa amekwisha sema waziwazi kwamba desturi ya kijiji ingetosha kabisa, kama si jiwe hilo.

"Swali la pili," alisema Thirza, "nalo ujibu taratibu. Uliling'oa jiwe?"

"Sikuling'oa. Nililivuta."

Kalamu ya Leggett iliganda. "Mzee, una haki ya kuwa na wakili kabla hujaendelea."

"Wakili wa nini? Stannard mwenyewe ndiye aliyeniita. Alisema kuna jiwe limemzibia mtaro, nimsaidie kulitoa. Mwezi wa Oktoba hiyo. Nikalifunga mnyororo, nikalivuta, nikaliacha ukingoni. Lilikuwa tope tupu, sikuona herufi hata moja. Akanipa chupa ya mvinyo wake wa tufaha. Nimempa nguruwe, naye kaukataa."

"Nani alikuona?"

"Mungu, na huyu hapa Tansy." Alimwonyesha ng'ombe kwa kidole gumba. Kisha kicheko kikamtoka usoni ghafla, akaanza kuzungusha kikombe mezani. "Ila Tansy hatakuwa shahidi wa mtu. Lori linakuja saa kumi leo. Nimewauza wote sita."

"Uamuzi wa kaunti bado, mzee!"

"Najua. Lakini sina kipande kingine cha majani, binti. Nikingoja mpaka Nyland iwekewe uzio, nitawauza wamekonda, tena kwa mchinjaji. Huyu mnunuzi wa leo angalau atawaweka. Baba yangu alichunga hapa, na babu, na baba yake babu." Alisimama, akaanza kuosha kikombe kilichokuwa bado na chai. "Inauma. Nisiwadanganye. Inauma kama jino."

Tansy alivuta pumzi kwa pua, akaondoka mlangoni.

*

Jiwe lilikuwa limehifadhiwa kwenye kibaraza cha kanisa, limefunikwa gunia, kati ya ubao wa matangazo na ndoo za maua. Stannard aliwasubiri hapo, amevaa koti la sufu zito lililokuwa bado na mikunjo ya dukani, mbwa wake mwenye masikio marefu akiwa kwenye kamba.

"Inspekta! Karibu, karibu. Nilidhani wangenitumia mtu wa kuandika tu. Mnaona wenyewe." Alilivuta gunia kwa madaha ya mwenye duka anayeonyesha zulia. "Karibu miaka mia sita. Natetemeka kila nikiliona."

Thirza alipiga magoti. Lilikuwa jiwe refu la kijivu, kimo chake kama cha mtoto wa shule, limevaa ukungu wa kijani kuanzia juu hadi chini. Mkwaruzo wa mnyororo ulikata ubavuni, mweupe. Herufi zilichongwa kwa kina, safu nne:

HERE ENDETH THE COMON
AND HERE BEGYNNETH
THE LORDES ISLANDE
MCCCCXXXI

"Hapa yanaishia malisho ya watu wote," alisoma Leggett kwa sauti, pole pole, "na hapa kinaanza kisiwa cha bwana. Mbona hakuna kisiwa pale, ni shamba tu?"

"Zamani mto ulilizunguka," alisema Stannard. "Hata sasa kukiwa na mafuriko panakuwa kisiwa. Na bwana ndiye mwenye jumba. Mimi, kwa sasa."

Mbwa alikuwa amelifikia jiwe. Akaanza kulilamba. Hakulamba kwa kudokoa, alilamba kwa bidii, macho kayafumba, ulimi mzima.

"Monty! Acha!" Stannard alivuta kamba. "Samahani. Mbwa huyu hana adabu."

"Hana neno," alisema Thirza. Alikuwa akiitazama safu ya tatu kwa muda mrefu, na Leggett, aliyemjua kwa miaka mingi, aliona ukucha wa mwenzake umesimama juu ya herufi ya pili ya neno la mwisho na haukuondoka hapo. "Bwana Stannard, tangu ulione jiwe hili umelifanya chochote? Kulisugua, kulipaka dawa?"

"Hata maji sikulimwagia. Mtu mwenye akili hagusi kitu cha kale. Nimeliacha kama lilivyo."

"Sajini, andika hilo neno kwa neno. Na Mzee Thurkettle anasema wewe ndiye uliyemwita alivute."

Stannard alicheka kidogo, kwa huruma. "Angesema nini tena, maskini? Simlaumu sana. Watu hawa wamechunga hapo hata wakadhani ni kwao. Sitaki afungwe, Inspekta. Nataka haki yangu tu. Tena ukitazama, hata jina linajieleza. Nyland. Mnajua mama yangu alikuwa nani kabla ya kuolewa? Alikuwa Nye. Winifred Nye. Ardhi ya akina Nye: Nye-land, Nyland. Mimi sikununua, nilirudi nyumbani."

"Loo," alisema Thirza. "Hilo sikulijua. Asante sana."

Alilishukuru jambo hilo kwa moyo mmoja, na Stannard alifurahi, maana hakujua ameshukuriwa kwa nini. Thirza alitoa kisu kidogo, akakwangua ukungu wa kijani ubavuni mwa jiwe, akaunusa, akautia kwenye mfuko wa vielelezo. Kisha akamnusisha Leggett. Leggett alikunja pua.

"Saa tisa tutarudi," Thirza alimwambia Stannard. "Uwepo, tafadhali. Na Monty uje naye."

*

Walikula garini, chini ya ukuta wa kanisa: mkate wa mayai, kachumbari ya vitunguu ya mama yake Leggett, na nusu ya keki ya zabibu. Jua lilikuwa limetoka vizuri. Kengele za kanisa zilikuwa zikifanyiwa mazoezi, na mmoja wa wapigaji alikuwa akichelewa kila mara, lakini hakuna aliyemkasirikia.

"Kwangu mimi kesi imekwisha," alisema Leggett, mdomo umejaa. "Babu kakiri. Trekta ni yake, mnyororo ni wake, faida ni yake. Nampenda, lakini kakiri."

"Ulinusa nini?"

"Kitu kichachu. Maziwa."

"Mtindi," alisema Thirza. "Mama yangu alikuwa na sanamu ya bata bustanini. Siku aliyoinunua alimpaka mtindi mgongo mzima, na baada ya wiki chache bata akaota kijani, wageni wakaambiwa kaachwa na bibi yake bibi."

Hapo Leggett aliacha kutafuna. Waingereza, bwana, wana tabia moja: kitu kipya hawakiheshimu mpaka kizeeke, na kikichelewa kuzeeka watakisukuma. Nusu ya bustani za Suffolk zina sanamu zilizokunywa mtindi. Sajini mwenyewe alikuwa na mtungi.

"Kwa hiyo mbwa..."

"Mbwa ndiye mpelelezi wa kwanza kufika. Na bwana wake kaapa hata maji hakulimwagia."

"Anaweza kusema alipaka ili lipendeze tu, kisha akaona aibu kusema. Mtu hafungwi kwa mtindi, Profesa."

Profesa ndilo jina walilomtania nalo kituoni, kwa sababu kabla ya kuvaa sare alisoma chuoni lugha ya kale ya Waingereza, ile ya kabla ya Wafaransa kuja kuwatawala, na katika miaka yote ya upolisi elimu hiyo haikuwahi kumkamatia hata mwizi wa baiskeli. Leo alifuta vidole kwa leso taratibu, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyepata ufunguo ulioanguka zamani nyuma ya kabati.

"Niambie, Barnaby," alisema, akimwita Leggett kwa jina lake la kwanza. "Neno la kisiwa unaliandikaje?"

"Island. I, S, L... Aa, hiyo S! Shuleni niliikosa kila mtihani. Haitamkwi, iko tu katikati imekaa kimya. Nilikuwa najiuliza inafanya nini pale."

"Haifanyi kitu. Ni mgeni aliyeingia harusini bila kadi. Wazee wetu walisema iegland. Ieg ni mahali penye maji pande zote, land ni nchi. Baadaye wakaandika yland, iland, ylond, kila mtu na lake, maana hapakuwa na mwalimu wa kuwachora mstari mwekundu. Lakini S hakuna aliyeiandika. Sasa, Wafaransa nao walikuwa wametuletea neno lao la kisiwa, isle, lenye S iliyotoka Kilatini. Wasomi wakayatazama hayo mawili wakasema, aa, hawa lazima ni ndugu, basi wavae sare. Wakamchomekea yule wa kwetu S. Wala si ndugu! Hawajuani kabisa! Na walifanya hivyo lini? Karne iliyofuata. Mwaka 1431 S ile haikuwa imezaliwa."

Leggett alihesabu kwa macho. "Na jiwe lina S."

"Lina S, na lina E mkiani. Hiyo E ndiyo iliyonichekesha. Mtu wetu akitaka kitu kionekane cha kale anakibandika E: duka la chai, baa, hata choo cha mkahawa. Huyu alichukua neno la leo, akalivika kanzu ya babu, akasahau kulivua saa ya mkononi."

"Wakili atasema mchongaji alikosea."

"Mchongaji angeweza kuruka herufi. Angeweza kuigeuza kichwa chini. Lakini kukosea kosa ambalo nchi nzima italifanya miaka mia baadaye? Huyo si mchongaji, ni mtabiri."

Leggett alicheka, kisha akatikisa kichwa. "Nakuamini. Lakini herufi moja, na mtindi, na mbwa. Saa kumi lori liko kwa mzee. Nataka kitu atakachokisema Stannard mwenyewe, kwa mdomo wake."

"Ndiyo," alisema Thirza. "Kwa hiyo tutamkosea adabu. Umeona anavyolipenda lile jiwe? Nitalitukana."

*

Saa tisa Stannard alikuwa kibarazani, na Monty kwenye kamba. Thirza alisimama mbele ya jiwe na kutikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Nasikitika, Bwana Stannard. Nimelisoma tena. Huoni kwamba limechongwa na mtu asiyejua lolote?"

"Unasemaje?"

"Tazama hapo. COMON. M moja! Neno ambalo hata mtoto anajua lina mbili. Ni kazi ya kienyeji sana. Nitalazimika kuandika kwamba aliyetunga maandishi haya alikuwa mjinga wa..."

"Mjinga?" Masikio ya Stannard yalishika moto. "Samahani, Inspekta, nadhani nje ya fani yako ungenyamaza. M moja ndiyo sahihi! Zama zile waliandika M moja, liko kwenye kamusi yoyote kubwa. Hata fundi alipotaka kuweka mbili nilimkatalia, nikamwambia..."

Kengele juu zililia, moja ikachelewa.

Hakuna aliyetikisika ila Monty. Alikuwa amelifikia jiwe tena, anaendelea alipoachia asubuhi.

"Fundi yupi?" aliuliza Thirza, kwa upole kabisa.

"Fundi... Nilikuwa nasema fundi wa zamani. Aliyechonga."

"Huyo wa 1431?"

"Ndiyo."

"Ulimkatalia kwa simu, au alikuja nyumbani?"

Leggett aligeukia ubao wa matangazo na kusoma kwa makini tangazo la chai ya akina mama, mabega yakimtikisika. Stannard alimtazama mbwa, na mara hii hakuvuta kamba.

"M yako ilikuwa sawa," alisema Thirza. "Nakiri. Kwenye kamusi ulitafuta vizuri. COMON sawa, BEGYNNETH sawa, LORDES sawa. Uliyatafuta maneno yote uliyodhani ni magumu. Hili la kisiwa hukulitafuta, kwa sababu ulidhani unalijua. Hiyo S, bwana, mwaka ule haikuwepo. Watu waliandika yland. Na hilo hukuhitaji kamusi, ungeuliza shamba lenyewe."

"Shamba?"

"Nyland. Liandike akilini. Toa N. Kinabaki nini?"

Stannard alisogeza midomo bila sauti.

"Yland," alisema Leggett kutoka kwenye ubao. "Ebo!"

"Wazee walipotaka kusema kwenye kisiwa walisema atten yland. Nenda kachunge atten yland. Ukilisema kila siku, kwa haraka, ng'ombe wako mbele, ile N ya mwisho inaruka uzio na kuingia neno la pili. Atte Nyland. Watoto waliozaliwa wakadhani mahali panaitwa Nyland, basi, pakaitwa hivyo. Jina hili linatembea midomoni mwa watu wa kijiji hiki tangu kabla ya jiwe lako, na mpaka leo halijawahi kuwa na S."

Wewe unayesoma usiwacheke. Nasi tulichukua neno la barabarani la hao hao Waingereza, keep left, tukaliita kipilefti, na vilipozidi kimoja tukasema vipilefti, ki ya watu tukaifanya ya kwetu, na hakuna askari wa usalama barabarani aliyelalamika. Ulimi hauombi ruhusa.

"Jina ni la mama yangu," alisema Stannard, lakini sauti ilikuwa imepungua. "Nye."

"Nye pia ni jina zuri," alisema Thirza, na alisema kweli bila kejeli, maana mtu alikwisha anguka na hakuona raha kumkanyaga. "Ni atten eye, eye likiwa neno jingine la kale la kisiwa, N ileile imeruka uzio uleule. Watu wa mama yako hawakukipa kisiwa jina. Mahali kama hapo ndipo palipowapa wao. Huenda walikuwa wachungaji."

Stannard aliketi kwenye benchi la kibaraza, kati ya ndoo mbili za maua. Koti jipya lilimpanda mabegani. Kwa muda alikuwa mtu mnene tu aliyechoka.

"Herufi moja," alisema.

"Na mtindi."

"Mtindi ulikuwa wazo la mke wangu." Alijifuta uso. "Jiwe lenyewe lilikuwa tupu. Kweli lilikuwa mtaroni, na kweli nilimwita Thurkettle alivute. Wakati ule sikuwa na nia mbaya. Halafu nikaliona linapendeza, refu, la kale. Nikampelekea fundi wa makaburi huko Norwich wakati wa baridi, nikamwambia ni pambo la bustani. Na mkwaruzo ulikuwepo tayari..."

"Ukaona una mtu wa kumtwisha."

"Nilikwambia sitaki afungwe!"

"Uliniambia. Lakini ng'ombe wake wanaondoka saa kumi." Thirza alimpa ishara Leggett. "Sajini, msomee onyo, uandike maelezo yake, upate na jina la fundi. Jiwe lifungwe vizuri kwenye plastiki. Na mwondoe huyo shahidi kabla hajamaliza ushahidi."

Monty aliondolewa. Alikuwa amekwisha isafisha safu ya tatu, na ISLANDE iling'aa nyeupe, mpya kama jino la mtoto.

*

Alikwenda kwa miguu, kwa sababu gari lilikuwa na kazi. Njia ya mkato ilipita Nyland yenyewe, majani mpaka magotini, na mbele ya lango aliliona lori limekwisha fika, ngazi yake imeshushwa. Dereva alikuwa amesimama kando, kofia mkononi, anaona haya. Jabez alikuwa amewafunga kamba ng'ombe watano. Wa sita, Tansy, kamba shingoni, alikuwa amekataa kuondoka katikati ya shamba, na mzee alikuwa amesimama naye huko, paji la uso kaliegemeza shingoni mwake.

Thirza alianza kukimbia. Hakuwa mtu wa kukimbia, na keki ya zabibu ilimkumbusha hivyo.

"Mzee! Mzee Jabez! Mwambie arudi na lori lake!"

Jabez aliinua uso. Ulikuwa umelowa, na hakujaribu kuuficha. "Kaunti wameamua?"

"Hawana tena cha kuamua. Jiwe ni la uongo. Lilichongwa majira ya baridi yaliyopita, Stannard kakiri mwenyewe, yuko na sajini sasa hivi. Bila jiwe, desturi inabaki palepale. Nyland ni ya kijiji mpaka mtaroni, kama..." Alihema. "Kama makalio yako yalivyosema."

Mzee hakucheka. Alimtazama kwanza yeye, kisha ng'ombe, kisha lori, kama mtu anayehakikisha kwamba kila kitu kipo.

"Umemjuaje?"

"Jina la shamba ndilo lililomshitaki. Kaandika kisiwa kwa namna ya sasa. Wazee wako walisema atten yland, kwenye kisiwa. Ndiyo Nyland hiyo hiyo. Mmekuwa mkilisema miaka yote hii bila kulikosea."

"Atten yland," alisema Jabez, akilionja. Akalirudia kwa haraka zaidi, kwa sauti ya kuita mifugo, na N ikaruka mahali pake bila kufundishwa: "Atte Nyland. Eh! Ndivyo babu alivyokuwa akitamka. Tulidhani ni meno yake."

Dereva alikuwa amekuja mpaka walipokuwa. "Samahani, mzee. Hawa ndio ng'ombe wa Nyland?"

"Ndio hao."

"Basi nipakie?"

Jabez Thurkettle alimfungua Tansy kamba, akaikunja vizuri, akaivaa begani.

"Mwanangu," alisema, "umesikia jina lao. Hawa ni wa Nyland, na Nyland ndipo walipo. Ingia ndani unywe chai, kisha urudi na gari tupu."